Uyoga wa Nyongo

Bi Czesława aliniahidi msitu wake tukiwa tunaosha vyombo, na wala hakunitazama aliposema.

"Mwakani, Jola, nitakupeleka. Ulimi wangu umekufa. Nitauhitaji wako hukohuko msituni, siyo hapa jikoni."

Hapa Piła hilo si neno la kusema ovyo. Mtu atakusimulia ugonjwa wake wa tumbo ndani ya basi mkiwa hamjuani, lakini mahali anapookota uyoga hakwambii hata kama umemwoa binti yake. Bwana Zenon wa ghorofa ya chini alikuwa akimvizia Bi Czesława ngazini kila Septemba, anapopanda taratibu na kikapu alichokifunika kwa taulo la jikoni.

"Umetoka wapi, Bi Czesia?" anauliza, akilifupisha jina lake kama wenyeji wote.

"Msituni."

"Msitu upi?"

"Ule wenye miti, Bwana Zenon."

Mimi nilikuwa nikisikia hayo kutoka mlangoni na kucheka peke yangu. Mwaka kesho, nilijiambia, tutakuwa wawili kwenye ngazi hizo, na mimi nitakaa kimya kama yeye.

Jina langu si Jola. Naitwa Jovelyn, natoka Antique, Ufilipino, na nilikuja huku Ulaya, mji huu wa Piła, kufanya kazi katika kiwanda kinachofua mashuka ya mahoteli. Bi Czesława, aliyenipangisha chumba, alijaribu jina langu mara mbili, akasema linafanana na jina la marashi, akanipa hilo la Jola. Sikukataa. Mtu akikupa jina ni kama amekutandikia kitanda.

Mwaka wa kwanza alinifundisha kusafisha uyoga kwa brashi kavu, maana maji huuharibu. Mwaka wa pili alianza dawa za shinikizo la damu, na tangu hapo kila kitu kikawa na ladha ya chuma mdomoni mwake. Ndipo nikawa ulimi wake. Upo uyoga mnene wa kahawia ambao watu wa hapa wanauita wa kweli, na hakuna wanaoupenda kuliko huo. Upo na mwingine unaofanana nao kama pacha, nao ni wa nyongo. Hauui. Lakini ukiingia chunguni hata mmoja, chungu kizima kinakuwa kichungu, na kuukausha hakusaidii kitu. Kwa hiyo, ukiwa na shaka, unaugusa kwa ncha ya ulimi, kisha unatema. Nilikuwa nalamba, natema, nasema, "Wa kweli," naye anaukata vipande, anavitunga kwenye uzi na kuvining'iniza juu ya jiko. Vilikaa huko mpaka mkesha wa Krismasi.

"Ulimi wangu huyu hapa," aliwaambia wageni akinishika bega. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijisikia kama mtoto aliyepewa zawadi mbele ya darasa.

Solomiya alikuja mwezi wa Juni na sanduku lililokatika gurudumu. Alitoka upande wa Rivne, Ukraina, nchi jirani, mahali penye misitu kama hapa, na mama yake alikuwa amebaki huko. Bi Czesława alimpa chumba kidogo cha upande wa uani. Nilimsaidia kubeba sanduku na nilimwonea huruma kwa moyo wote, kwa siku tatu hivi.

Siku ya nne nilirudi kutoka kazini nikawakuta jikoni wanacheka. Lugha ya kwao na ya hapa ni ndugu wa tumbo moja. Maneno niliyoyatafuta mwaka mzima, nikiyaandika kwenye mkono kabla ya kwenda dukani, yeye aliyaokota kwa wiki moja. Tena alijua vitu visivyofundishwa. Alijua supu chachu ya unga. Alijua kumenya tango la chumvi lisivunjike. Alimtania Bi Czesława, akataniwa naye, na mimi nikabaki nimeshika kikombe nikitabasamu, nimechelewa kila mzaha kwa pumzi moja.

"Jola, mbona umesimama kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi?" Bi Czesława alisema. "Kaa."

Nikakaa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni vilevile, lakini kwa miaka miwili nilikuwa nimejisahau.

Mvua zilinyesha mwanzoni mwa Septemba, kisha likaja jua. Jumamosi ile niliwekwa zamu, na uyoga haungoji zamu ya mtu. Niliporudi nilikuta meza imefunikwa kwa magazeti na juu yake uyoga umelala safu kwa safu. Solomiya alikuwa ameketi kwenye kiti changu, analamba, anatema kwenye karatasi, anasema, "Wa kweli."

"Amenibeba kama mfuko wa viazi," Bi Czesława aliniambia, uso umewaka. "Nyonga imegoma njiani, huyu binti akaniinua. Na macho aliyonayo, Jola. Anauona uyoga kabla haujatoka ardhini."

Niliuliza, kana kwamba naulizia hali ya hewa, "Mmekwenda mahali pale?"

"Mahali papi tena?"

Nilikwenda kunawa mikono iliyokuwa haina uchafu wowote.

Jumapili iliyofuata sikuwa na zamu. Niliamka mapema, nikavaa viatu vya mpira, nikakaa jikoni. Bi Czesława alitoka amejifunga kilemba chake cha msituni, akaniona, akanipapasa shavu.

"Wewe lala, mwanangu. Wiki nzima umesimama na mashuka. Solomiya atanishika mkono."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu akikutupa kwa ubaya unajua la kumjibu.

Kazini nilimweleza Dada Nenita, Mfilipino mwenzangu, tuliyekuwa tukilisha naye mashine ya pasi, yeye akishika pembe moja ya shuka na mimi nyingine.

"Kwa hiyo unalilia uyoga," alisema.

"Siyo uyoga."

"Unalilia bibi wa kizungu mwenye nyonga mbovu. Mdogo wangu, mimi nina miaka sita hapa na mwenye nyumba wangu hajui kama nina miguu. Wewe umebembelezwa, sasa anabembelezwa mwenzako. Nyoosha pembe hiyo."

"Aliniahidi mimi."

"Basi mwambie."

Kumwambia ndiko kusikowezekana kwa mtu kama mimi. Nikinyimwa kitu, nasema asante. Kisha nakwenda nacho ndani, nakigeuza na kukigeuza.

Jumapili nyingine walikwenda tena, na mimi nikachukua baiskeli ya Dada Nenita nikaenda peke yangu kwenye misonobari ya kando ya barabara, pasipo siri ya mtu yeyote. Nilizunguka asubuhi nzima. Wenye magari walikuwa wameshapasafisha. Karibu na kisiki kilichooza niliuona uyoga mmoja mnene, kofia ya kahawia, umekaa peke yake kama aliyesubiriwa. Nikapiga magoti, nikauchimbua na mzizi wake. Shina lilikuwa na mistari kama nyavu, lakini nyavu zenyewe nyeusi-nyeusi, siyo nyeupe kama alivyonifundisha Bi Czesława, na chini ya kofia palikuwa na wekundu kidogo kama wa waridi. Nililamba. Nimekula karela, lile tango chungu la kwetu, tangu utotoni, uchungu haunitishi, lakini ule ulinishika mpaka masikioni.

Mtu mwenye akili angeutupa. Mimi niliutia mfukoni mwa koti.

Nilipofika nyumbani, mlango ulikuwa wazi. Bi Czesława alikuwa ngazini anabishana na Bwana Zenon, na maji ya bafuni yalikuwa yanamwagika, Solomiya anaoga. Mezani vipande vya uyoga vilikuwa vimetandazwa, vyeupe, vimekwisha kulambwa, vimekwisha kukatwa, vinangoja sindano na uzi. Kisu kilikuwa palepale. Niliukata uyoga wangu harakaharaka, nikavitawanya vipande katikati ya vingine, huku na huku, nikaifuta meza kwa kiganja. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Nilikuwa nimeshauona mwisho wake kichwani: mkesha wa Krismasi, supu ni chungu, Bi Czesława anamgeukia Solomiya. Sikutaka mtu afukuzwe. Nilitaka tu Bi Czesława aseme, mbele ya watu, kwamba ulimi wa Jola haukuwahi kumdanganya.

Jioni hiyo sote watatu tulitunga vipande kwa pamoja. Nilitunga uzi mrefu kuliko wote.

Baridi ilikuja. Kila nilipopita chini ya nyuzi zile nikielekea kwenye birika, niliinamisha kichwa kama ninayepita chini ya kamba ya nguo za mtu mwingine. Na Solomiya, kana kwamba ametumwa, akaanza kunitendea wema. Aliniachia soksi za sufu juu ya mto. Aliona nasugua mikono iliyochanika kwa sabuni za kiwandani, akaniletea mafuta ya nta. Usiku mama yake alipokuwa hapatikani kwenye simu, alikuwa akigonga mlango wangu na kuuliza tu kama nina chai.

Siku moja aliniuliza, "Hivi jina lako hasa ni nani? Jola si jina la kwenu."

"Jovelyn."

Alilirudia polepole, akakosea, akalirudia tena. "Jovelyn. Zuri. Kwa nini unawaacha wakuite Jola?"

"Nimezoea."

"Mimi nitakuita Jovelyn."

Na kweli, tangu siku hiyo katika mji mzima walikuwa wawili wanaoniita jina langu: Dada Nenita na yeye. Nilikuwa nikilisikia jina hilo jikoni na kutaka kujificha.

Desemba Solomiya alikuwa akimsindikiza Bi Czesława kwenye misa ya alfajiri, kwa sababu barafu ilikuwa imeshika njia. Asubuhi moja, walipotoka, nilipanda juu ya kigoda, nikashusha uzi wa kwanza, nikaanza kulamba. Uyoga mkavu hauna haraka ya kusema ukweli. Lazima uushike mdomoni mpaka ulainike. Nilikaa nao kwenye kidirisha cha jikoni, kipande baada ya kipande, wa kweli, wa kweli, wa kweli, mpaka nikapata kimoja cha nyongo na machozi yakanitoka kwa furaha. Nilipata vitano kwa asubuhi nne, nikavitupa. Lakini siku ile ya kisu sikuhesabu. Je, nilikata vipande vitano? Au tisa? Bado nyuzi mbili nzima zilikuwa hazijaguswa, na asubuhi ya tano Bi Czesława alikuwa na mafua, hakwenda kanisani. Alishusha nyuzi zote mwenyewe, akazitumbukiza kwenye bakuli la maji, akasema, "Sasa tuanze Krismasi."

Hapo bado ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshika mwiko, maji yanageuka kahawia taratibu mbele ya macho yangu, na Solomiya anakanda unga huku anaimba. Nikakoroga.

Mkesha ulipofika tulikuwa wanne: sisi watatu na Dada Nenita, niliyemwalika mimi. Nyasi kavu zilikuwa zimewekwa chini ya kitambaa cheupe, na sahani ya tano iliwekwa mwisho wa meza kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, kama kila nyumba inavyofanya. Solomiya alisimama dirishani mpaka alipoiona nyota ya kwanza juu ya paa la stesheni, maana kabla yake hakuna anayekula. Kisha Bi Czesława alileta ule mkate mweupe, mwembamba kama karatasi, na kila mtu akavunja kipande cha mwenzake, akamtakia heri na kumwomba radhi kwa yaliyopita.

Solomiya alinishika mikono miwili. "Jovelyn, nakutakia mwaka huu umwone mama yako. Na kama nilikaa kwenye kiti chako, unisamehe."

Kumbe alikuwa anajua hata kiti. Nilifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa, "Na wewe pia."

Supu ililetwa, nyekundu ya bitiruti, na ndani yake visambusa vidogo vya kuchemsha vilivyojazwa uyoga. Bi Czesława alikula cha kwanza, cha pili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake vyote vilikuwa chuma. Mimi nilikuwa nimeuma changu. Karela mbele yake ilikuwa sukari. Solomiya, kando yangu, aliacha kutafuna, akanitazama, akaitazama sahani yake, na nikaona uso wake unapauka.

"Mama yangu wee," Dada Nenita alisema, kijiko hewani. "Hiki ni chakula au dawa ya minyoo?"

"Ina nini?" Bi Czesława aliuliza. "Solomiya. Ina nini supu yangu?"

"Ni chungu, Bi Czesia." Sauti ilikuwa ndogo. "Uyoga wa nyongo umeingia. Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyelamba."

Bi Czesława aliweka kijiko chini. Nilingoja amgeukie. Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo tangu Septemba, na sasa nilikuwa naiomba isije. Lakini hakumgeukia mtu. Alitazama mikono yake mwenyewe juu ya kitambaa cheupe.

"Basi," alisema. "Miaka hamsini na minne sijawahi kuweka nyongo mezani. Macho hayaoni, ulimi umekufa, na wa kuazima nao haufai. Sitakwenda tena. Mwambieni Zenon nitampa mahali pale. Atafurahi."

Solomiya alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto. Kile nilichokitaka kilikuwa mbele yangu, chote, kimepakuliwa, na sikuweza kukimeza.

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe nini?"

"Niliuweka mimi. Mlikuwa mmeshamaliza kulamba. Niliukata nikauchanganya."

Dada Nenita alisema neno la kwetu ambalo sitaliandika. Bi Czesława alinigeukia mimi.

"Uliutoa wapi?"

"Kando ya barabara kubwa. Karibu na kisiki."

"Na ulijuaje kuwa ni wa nyongo?"

"Nyavu kwenye shina zilikuwa nyeusi. Na chini kulikuwa na rangi ya waridi. Kisha nikalamba."

"Nyavu," alirudia. "Kumbe ulikuwa unasikiliza. Kwa nini, Jola?"

Nilijaribu kupata neno zuri, la mtu aliyesoma, sikulipata. "Uliniahidi mimi," nilisema.

Alifunga macho. Nikaona anatafuta, anarudi nyuma, sinki, vyombo, mwaka jana. Alipoyafungua nilijua amepapata.

"Nilisahau," alisema. "Mungu wangu, nilisahau kabisa." Kisha akajikaza, akanyoosha kitambaa. "Mkate tumeshagawana. Nimeshakusamehe kabla sijajua, na mkate hauwezi kuunganishwa tena. Lakini supu hiyo utaimaliza."

"Na yangu?" Dada Nenita aliuliza.

"Na ya Nenita."

Niliinywa. Nilikula kisambusa baada ya kisambusa, na katikati ya sahani ya pili Solomiya aliinuka. Nilidhani anakwenda chumbani. Alibeba kijiko chake na kikombe chake, akazunguka meza, akaketi mwishoni, mbele ya ile sahani ya mgeni asiyetarajiwa, mahali palipokuwa mbali kabisa na mimi.

"Nilikuomba radhi," alisema kutoka kule, bila hasira hata kidogo. "Ukiwa umeshika mikono yangu. Wewe ulikuwa unajua." Akajipakulia samaki. "Nipitishie chumvi, Jola."

Hakuwahi kuniita tena Jovelyn. Januari yote nilimwachia chai mlangoni, naye alikirudisha kikombe kikiwa safi, kimekaushwa, bila neno. Mama yake alipokuja Machi kwa wiki mbili, nilimpisha chumba changu kwa kuwa kina jua, nikalala jikoni. Solomiya alisema asante. Aliniita Jola aliposema.

Septemba mvua zilinyesha tena. Bi Czesława alitutoa wote wawili kitandani kabla ya jua, akatutia ndani ya basi, akatushusha kwenye kituo ambacho sitakitaja. Nyonga yake tuliishika mmoja huku, mwingine kule, mpaka alipotuonyesha kwa mkongojo: hapa. Ni mahali pa kawaida tu. Kuna miti.

Aliketi kwenye kigogo na kikapu magotini. Mimi na Solomiya tuliinama. Nilipata wa kwanza chini ya majani ya msonobari, mnene, nyavu nyeupe safi, nikajua kwa jicho tu, hauna shaka hata chembe. Nilipotaka kuutia kikapuni, Solomiya alinyoosha mkono.

"Lete."

Nilimpa. Aliugeuza, akautazama chini, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema, huku macho yake yako kwangu muda wote.

"Wa kweli," alisema, akauweka kikapuni.

Nilipata wa pili, akanyoosha mkono tena. Wa tatu vilevile. Kwenye kigogo Bi Czesława alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Asubuhi ile nilipata uyoga thelathini na mmoja, na Solomiya aliulamba wote mbele yangu, mmoja mmoja, naye wa kwake hakuna aliyeulamba.

Sikukasirika. Bado nilikuwa na wivu kidogo, jinsi alivyokuwa akiuona kabla yangu, jinsi Bi Czesława alivyomrushia mzaha nikauelewa kwa kuchelewa. Nilipiga magoti, nikafukua majani.

"Jola," Solomiya alisema, mkono tayari umenyooshwa. "Lete mwingine."

Nikampa.